Siku sita za kutuliza roho: Mikindani, mlango wa Ruvuma na Ndanda

Ukiwa na siku sita za likizo na kama shilingi laki nne mfukoni, unaweza kufanya safari ya kutuliza roho bila pasipoti wala viza. Wako jamaa zetu waliokwenda India kwa matibabu wakarudi na habari za Rishikesh, mji ulio kando ya mto Ganges pale milima ya Himalaya inapoanzia. Watu huenda huko kusali, kukaa kimya na kuoga mtoni, na kwa heshima ya mahali penyewe nyama na pombe haviuzwi mjini. Nasi kusini mwa Tanzania tunayo njia ya kumfaa mwenye haja hiyohiyo. Iko Mikindani, mji mkongwe wa Waislamu uliojikunja kwenye ghuba. Uko mlango wa mto Ruvuma. Liko kanisa la Majengo, Mtwara mjini. Na iko Ndanda, makao ya watawa chini ya uwanda wa juu wa Makonde, ambako maji ya chemchemi hushuka kutoka mlimani. Nitakueleza namna ya kufika, pa kulala, pesa za kutenga, na jinsi ya kukaa na wenyeji ili wafurahi ulipofika.

Jambo la kwanza ni kuchagua mwezi. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, jua likiwa si kali sana na njia za mchanga zikiwa kavu. Usipange safari hii Aprili wala Mei mwanzoni. Mwaka 2024 mvua za masika na Kimbunga Hidaya, kilichopiga pwani yetu mwezi Mei, viliharibu madaraja na makalvati upande wa Kilwa na Lindi, barabara ya Dar es Salaam ikakatika na abiria wakalala njiani. Kumbuka pia kwamba Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo bahari huchafuka. Anayetaka kupanda mashua aisubiri Septemba au Oktoba. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza, wanunuzi na madereva wa malori hujaa mjini na vyumba vya gesti huwa adimu. Ukienda wakati huo, weka nafasi mapema kwa simu.

Utafikaje? Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takribani kilomita 560, lami tupu, na utavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Basi linaloondoka alfajiri hufika jioni. Ili usidanganywe nauli, jifunze hesabu hii ndogo. LATRA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, hupanga kiwango cha juu cha nauli kwa kila kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati, lile lenye viti vya nafasi na kiyoyozi. Zidisha kwa 560: daraja la kawaida ni kama 27,000, na la kati kama 38,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizia vipya kabla ya kusafiri, lakini hesabu ni ileile. Dai tiketi yenye jina lako na kiasi ulicholipa. Anayeharakisha anaweza kupanda ndege ya Air Tanzania hadi uwanja wa Mtwara, ila bei yake hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia.

Ondoka Alhamisi. Nina sababu: ukifika Alhamisi jioni utaipata Ijumaa Mikindani, Jumamosi utakwenda Ruvuma, Jumapili utasali Majengo au walau utaliona kanisa likiwa limejaa waumini wake, na Jumatatu itakukuta Ndanda. Hata kama wewe si wa dini hii wala ile, utaona kila mahali pakiwa katika siku yake.

Ulale wapi? Mikindani ina vyumba vichache. Jengo la Boma, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 kuwa ofisi yao ya utawala, lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid, likafanywa hoteli. Ni pazuri sana, lakini bei zake zinawalenga wageni kutoka nje. Mwenye bajeti ya kawaida alale Mtwara mjini. Shangani ni kimya na karibu na ufuko, ila ghali kidogo. Maeneo ya karibu na soko na stendi ni rahisi zaidi, na kelele ni nyingi zaidi. Tenga 25,000 kwa usiku kwa chumba safi chenye feni, chandarua na choo cha ndani. Kagua chandarua kabla ya kulipa. Kikiwa na matundu, omba kingine, maana malaria ya pwani hii haina msimu wa mapumziko.

Ijumaa asubuhi panda daladala kwenda Mikindani. Ni kilomita kama 11 tu, kwenye barabara ileile uliyokuja nayo kutoka Lindi, na nauli haifiki shilingi elfu moja. Shuka pale nyumba za mawe zinapoanza kuonekana upande wa ghuba. Kabla ya kupiga picha yoyote, ingia kwenye duka au kibaraza cha kahawa, salimu, sema umetoka wapi na umekuja kutembea. Wazee wape shikamoo. Salamu hiyo ndiyo itakayokufungulia mji, na mara nyingi atajitokeza kijana wa kukutembeza. Patana naye kabla ya kuanza: shilingi 10,000 hadi 15,000 kwa saa mbili tatu ni malipo ya haki, na umlipe mwishoni, mkononi mwake.

Utaona nini? Mikindani ni mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye vichochoro, milango ya kuchongwa, roshani za mbao, misikiti midogo midogo na makaburi ya zamani yaliyo katikati ya makazi. Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, palikuwa bandari ya pembe za ndovu, sandarusi na watu. Narudia: watu. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliteremka hadi Kilwa, Lindi na hapa, na jengo linalotajwa kuwa soko la watumwa bado lipo. Usipite pale kama unayepita dukani. Simama kidogo. Ukiwa na watoto, waeleze. Sultani wa Zanzibar alikubali kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe iliendelea kwa siri kwa miaka mingi baadaye.

Karibu na hapo utaonyeshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone. Alifika ghuba hii tarehe 24 Machi 1866. Alikuwa amejaribu kwanza kuteremka kwenye mlango wa Ruvuma, mikoko ikamzuia kuwashusha ngamia na nyati wake, ndipo akaja Mikindani, na mwanzoni mwa Aprili akaanza safari yake ya mwisho barani. Mimi naona wanaostahili kibao kikubwa zaidi ni Chuma na Susi, waliokuwa katika msafara huo, na ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliongoza wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu kutoka nchi ya Zambia ya leo hadi Bagamoyo. Muulize kijana anayekutembeza kama anawajua. Kama hawajui, msimulie, naye atawasimulia wageni wengine.

Sasa juu ya misikiti, maana hapa ndipo wageni wengi hukosea. Msikiti wa Mikindani ni mahali pa ibada panapotumika kila siku, haukuwekwa kwa ajili ya watalii. Ukiwa Mwislamu, chukua udhu ujiunge na jamaa. Swala ya Ijumaa huwa saa saba mchana, na ni vyema kufika mapema. Usipokuwa Mwislamu, usiingie wakati wa swala, na wakati mwingine uombe ruhusa kwa imamu au kwa mzee utakayemkuta barazani. Ukikubaliwa, vua viatu, funika mabega na magoti, na mwanamke ajitande kanga au mtandio. Ukikataliwa, shukuru uendelee na safari. Usikanyage makaburi wala kukalia kuta zake. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana. Futari ikifika utakaribishwa mwenyewe. Na ukibahatika kuwa huko Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ulizia usiku wa kusoma, kwani pwani nzima huwa na shughuli hizo, na mgeni aliyevaa kwa heshima hafukuzwi.

Jioni, jua likielekea kuzama, nenda kaa ukingoni mwa ghuba. Maji yakipwa utawaona akina mama wakitafuta chaza na kombe kwenye tope; yakijaa, mitumbwi hurudi. Ili ujue utakuta hali gani, elewa kwamba muda wa kujaa maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Wavuvi wanajua saa yake bila kuangalia kitabu, waulize. Kuhusu chakula, wali wa nazi na samaki au pweza kwa mama ntilie ni shilingi 3,000 hadi 5,000. Katika kiangazi utaona wanawake na watoto wakiuza ming'oko, viazi vyembamba vya mwituni vilivyochemshwa. Nunua. Ni chakula cha kusini hasa, na huko ulikotoka hukipati.

Ombi moja kabla ya kuondoka Mikindani: usichukue jiwe, kipande cha mlango wala kigae cha zamani kama ukumbusho, hata ukiambiwa kinauzwa. Nyumba hizi zinabomoka mvua baada ya mvua. Kila kipande kinachoondoka hakirudi.

Jumamosi ni ya Ruvuma. Mto huu huanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea, huwa mpaka wetu na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake, na humwaga maji baharini kusini mwa Mtwara. Kijiji cha kuelekea ni Msimbati, kama kilomita 45 kutoka mjini kwa njia ya Madimba. Daladala na magari madogo yapo, ila hayana ratiba ya kuaminika, kwa hiyo uwe stendi saa moja asubuhi na uulize gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Mkiwa watu watatu au wanne, kukodi gari la siku nzima na kugawana gharama ndiyo njia rahisi zaidi. Kutoka Msimbati hadi ufuko wa Ruvula njia ni ya mchanga. Bodaboda wa hapo wanaijua. Mkubaliane bei ya kwenda na kurudi, na umlipe nusu tu kabla.

Eneo lote hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650. Maana ya hifadhi ya bahari ni kwamba vijiji vinaishi na kuvua humo, lakini kwa masharti, ili matumbawe, mikoko na kasa wasitoweke. Kuna kiingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha Taifa. Usimpe mtu noti mkononi: malipo ya serikali hupitia namba maalumu ya malipo utakayopewa na mhifadhi, unalipia kwa simu, nawe unapata risiti. Mwulize mhifadhi huyohuyo bei na utaratibu wa mashua kama unataka kuingia kwenye mikoko.

Je, unaweza kuoga? Kwenye ufuko wa Ruvula, wakati bahari imetulia, ndiyo, ukiangalia miiba ya urumba chini ya miguu. Mtoni, hapana. Ruvuma ina mamba na viboko, na mlangoni mwake mkondo wa mto hukutana na wa bahari kwa nguvu. Anayetaka baraka ya maji ya mto ayaangalie kutoka juu ya kingo. Hapo penyewe panatosha: mikoko, mchanga mweupe, maji yenye rangi mbili, na kimya kinachokatishwa na ndege na makasia tu. Kaa hata saa nzima bila kufungua simu.

Ipo habari nyingine ambayo sitaificha. Tangu mwaka 2017 upande wa pili wa mto, katika jimbo la Cabo Delgado, kumekuwa na mapigano, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilivamiwa. Ndiyo maana utakuta ulinzi njiani. Usiogope kusimamishwa, toa kitambulisho, eleza unakokwenda. Kabla ya kuufuata ukingo wa mto kwenda vijiji vya juu au kivuko cha Kilambo, pita kwanza polisi Mtwara au ofisi ya serikali ya kijiji uulize hali ya siku hiyo. Usivuke mto kwa mtumbwi kwenda kuona upande wa pili bila pasipoti na muhuri wa uhamiaji. Usipige picha mitambo ya gesi ya Madimba, bandari, wala askari. Rudi mjini kabla ya giza.

Jumapili asubuhi nenda kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kutoka popote mjini bodaboda atakupeleka kwa elfu moja au mbili. Ukiingia, inua macho: ukuta wote wa mbele na kuta za pembeni zimejaa michoro mikubwa ya habari za Biblia kwa rangi nzito. Aliyechora ni padri Mjerumani, Polycarp Uehlein, na kazi ilimchukua kama miaka miwili. Amechora makanisa mengine ya kusini pia, likiwemo la Nyangao, ambalo utalipita ukienda Ndanda. Nimewaona watu wasio Wakristo wakikaa kwenye benchi la nyuma wakiisoma michoro hiyo mmoja mmoja kama kitabu. Fanya hivyo baada ya misa, si wakati wa misa, na uombe ruhusa ya picha kwa katekista au paroko. Hakuna kiingilio. Ukiweka sadaka kwenye sanduku umefanya vema.

Mchana wa Jumapili hiyohiyo panda gari la Masasi linalopita Mnazi Mmoja na Mtama. Ndanda iko kabla ya kufika Masasi, kama kilomita 165 kutoka Mtwara, kwa hiyo kwa hesabu ile ya LATRA nauli ya kawaida ni kama shilingi 8,000. Mwambie konda akushushe Ndanda misheni. Kaa dirisha la kushoto: kuanzia Nyangao utaona ukingo wa uwanda wa Makonde ukiinuka kama ukuta wa kijani. Chini ya ukuta huo ndipo watawa walipopachagua.

Watawa hawa ni Wabenediktini, yaani wanaume walioweka nadhiri ya kuishi pamoja maisha yao yote kwa kusali na kufanya kazi. Walikuja kutoka Mtakatifu Ottilia, Ujerumani. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao viliteketezwa na askofu wao Cassian Spiss akauawa akiwa njiani kuelekea Songea. Mwaka uliofuata, 1906, walianza upya hapa Ndanda. Mwaka huohuo wananchi wa kusini walikuwa wakifa kwa njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala ili kuukomesha uasi. Vidonda vya pande zote mbili vimo katika udongo wa mahali hapa, na mgeni anayeujua ukweli huo atasali vizuri zaidi kuliko asiyeujua. Leo Ndanda ina abasia, yaani makao ya watawa hao, hospitali ya Mtakatifu Benedikto inayowahudumia watu wa wilaya nyingi, karakana, kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimefika nchi nzima, na shule ya sekondari aliyosoma Benjamin Mkapa, rais wetu wa awamu ya tatu. Alizaliwa mwaka 1938 Lupaso, wilaya hiihii ya Masasi, na alizikwa hukohuko mwaka 2020.

Je, asiye mtawa anaruhusiwa kulala? Ndiyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inaagiza mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na abasia ina nyumba ya wageni pamoja na nafasi ya kufanyia mafungo, yaani siku chache za kukaa kimya, kusali na kutafakari. Lakini usitokee jioni bila taarifa. Piga simu au andika siku kadhaa kabla, sema mko wangapi, ni wa jinsia gani, na mngependa kula huko au la. Tenga kiasi kilekile cha gesti ya Mtwara. Ukifika nje ya muda wa mapokezi au nafasi zikiwa zimejaa, kando ya barabara kuna gesti za kawaida.

Siku ya Ndanda inaongozwa na kengele. Watawa husali mara kadhaa, kuanzia alfajiri hadi usiku kabla ya kulala, na mgeni anakaribishwa kanisani akae kwenye viti vya waumini. Huhitaji kujua nyimbo zao. Kaa, sikiliza zaburi zikijibizana upande huu na ule. Mtu aliyetoka mjini na kichwa kilichojaa mambo hutulia kwa namna ambayo usingizi peke yake haukupi. Wengi huona aibu kuingia wakidhani watahojiwa dini yao. Hakuna anayehoji. Zima simu, vaa kwa staha, usiingie sehemu za ndani wanakoishi watawa, na nyakati za ukimya usizungumze ukumbini.

Jumatatu omba uelekezwe njia ya kupanda kwenye chemchemi na bwawa. Maji hayo yanayoshuka kutoka uwanda wa juu ndiyo yaliyowavuta wamisionari kujenga hapa, na maji ya chupa yenye jina la Ndanda unayoyaona madukani yanatoka milimani humu. Vaa viatu vya kushika, ondoka saa mbili asubuhi au saa kumi jioni kukwepa jua, na chukua mwenyeji mmoja. Kuoga bwawani ni kwa ruhusa tu. Watu wanakunywa maji hayo.

Kitu kingine cha kujua ukiwa huku Ndanda na hata vijijini Mtwara: wakati wa likizo ndefu za shule kuna jando na unyago, mafunzo ya kuwaingiza vijana utu uzima. Ukisikia ngoma usiku, usiifuate bila kualikwa. Ukikutana na kundi la watoto waliopakwa unga au kufunikwa nguo, usipige picha wala kuuliza yanayofanyika ndani. Sherehe ya kutoka ndiyo ya wote, na hapo utaalikwa kula na kucheza, pengine ukaona midimu, wachezaji wa vinyago vya Kimakonde. Dini zilizokuja ziliikuta desturi hii na zimelazimika kuheshimiana nayo. Huko Masasi, askofu Mwanglikana Vincent Lucas alijulikana mbali kwa kujaribu kuiingiza jando ndani ya mafundisho ya kanisa.

Sasa tuhesabu pesa. Nauli ya kwenda 27,000 na ya kurudi kiasi hichohicho. Mtwara hadi Ndanda 8,000. Malazi ya usiku mitano 125,000. Chakula 15,000 kwa siku, jumla 90,000. Daladala, bodaboda na mwongozaji 60,000. Imefika 337,000. Inayobaki ya laki nne ni ya kiingilio cha hifadhi, sadaka na dharura. Mashine za kutolea pesa ziko Mtwara mjini. Mikindani, Msimbati na Ndanda tegemea wakala wa simu, na Msimbati beba taslimu, maana mtandao wakati mwingine haushiki. Ukipata homa, usisubiri kufika nyumbani: Mtwara kuna hospitali ya mkoa ya Ligula na hospitali ya kanda iliyo Mitengo, upande wa Mikindani, na Ndanda unayo hospitali mlangoni. Beba kadi yako ya bima. Kwa dharura yoyote ya usalama, namba ni 112 na haitozwi.

Jumanne asubuhi huna haja ya kurudi Mtwara. Mabasi ya Masasi kwenda Dar es Salaam hupita Ndanda mapema sana, kwa hiyo nunua tiketi Jumatatu kwa wakala wa barabarani, umwambie aliyekupokea akuamshe, na uwe kituoni kabla ya saa kumi na mbili.